Kuichora Redio ya Baba

Kizwite, Sumbawanga
12 Novemba 2023

Baba, shikamoo.

Habari za huko bondeni na joto lake? Sisi huku hatujambo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea tu, maana nyumbani nimebaki mwenyewe na kuku wa jirani yetu Mama Adela, ambao wameamua kuhamia kwetu na mwenyewe anasema niwachukulie kama wageni. Mvua zimeanza kuonja. Shamba la nyuma nimelilima lote kwa mkono, mahindi nitayaweka wiki ijayo. Siku ya Marehemu Wote nilikwenda kusafisha kaburi la mama. Msalaba ulikuwa umeinama kidogo, nikaunyoosha na kuushindilia mawe.

Simu yako inaita mpaka inakatika. Meseji nazo hujibu. Sikulaumu, baba. Najua nilichosema siku ya kuanua matanga ya mama, mbele ya wajomba na wanajumuiya wote: kwamba siku aliyofariki alikuita mara tatu kutoka jikoni na wewe ukakaa kwenye meza yako ya kutengenezea redio ukijifanya husikii. Wiki hiyo hiyo ulifunga vifaa vyako ukashuka Mtowisa, na sasa ni mwaka wa tatu. Kama bado una hasira na mimi, niandikie hivyo tu, nitaelewa.

Lakini leo nina shida nyingine. Pale stesheneri kwa Dada Bertilla bado niko kwenye mashine ya kutoa kopi. Nimemwomba anihamishie kwenye kompyuta ya kutengeneza kadi na mabango, akanipa mtihani: nimchoree kifaa kimoja kwa programu ya kuhariri picha, nikianzia karatasi tupu, bila kupakua chochote mtandaoni, na mtu akikiona atake kukishika. Wenzangu wanachora simu. Mimi nimechagua redio yako.

Tatizo sina picha yake. Kwenye ile picha ya Krismasi inaonekana antena tu, nyuma ya bega la mama. Naomba unieleze ilivyo, kila kitu, hata vile unavyoona havina maana. Barua nampa Evaristi, dereva wa gari la Mtowisa. Yeye atakufikishia mkononi.

Binti yako,
Emerensiana


Mtowisa
3 Desemba 2023

Mwanangu Emerensiana, marahaba.

Barua nimeipata ikinuka dizeli, lakini maandishi yalisomeka. Mimi mzima. Maji yameingia kwenye majaruba na mpunga tutaanza kuupandikiza wiki hii. Mbu wa huku hawana adabu. Wasalimu wote walioniulizia, na kama hawakuulizia wasalimu hivyo hivyo. Umefanya vizuri kwa msalaba wa mama yako.

Simu huku mtandao ni wa kubahatisha. Hayo ya matanga yaache yalale.

Redio nimeiweka mbele yangu ninapoandika. Upana sentimita ishirini na tisa, kimo kumi na nane, nimepima kwa tepu ya fundi cherehani jirani. Mwili mweusi, ila si mweusi wa viatu vipya. Ni mweusi uliokaa juani, ukiuinamisha unaona rangi ya kahawia. Uso wa mbele ulikuwa wa rangi ya fedha, sasa pale mkono unaposhika umebaki plastiki nyeupe. Spika iko kushoto, imefunikwa kwa matundu safu kumi na nne, kila safu matundu ishirini na mawili. Matatu ya safu ya chini yamezibwa na lehemu, nilidondosha mwenyewe nikiwa nachomea waya. Kioo cha stesheni kiko juu kulia, na sindano yake nyekundu imepinda kidogo. Antena si ya kwake, ni spoku ya baiskeli.

Halafu kuna ufa ubavuni kulia, niliouziba kwa kisu cha moto. Mshono wake umevimba kama kovu la mtu. Huo usiuache. Ukiichora bila ufa utakuwa umechora redio ya dukani, na redio ya dukani mimi siijui.

Baba yako,
Teodori


Kizwite
17 Desemba 2023

Baba, shikamoo.

Nimefurahi, nisikudanganye. Nilisoma barua yako nimesimama pale stendi, nikaisoma tena nyumbani. Mahindi yameota, isipokuwa mstari mmoja ambao wageni wetu wa Mama Adela waliufukua. Baridi imepungua. Romani, yule mjomba wa Kasesya, alipita hapa na mzigo wake akala ugali akalala, na alipoondoka nyumba ikawa kubwa zaidi.

Nikueleze kazi inavyokwenda, maana najua utapenda. Kwenye programu ile kila kipande cha redio kinakaa kwenye tabaka lake, sisi dukani tunaita leya, kama mtu anayepanga karatasi za plastiki moja juu ya nyingine. Mwili leya yake, kioo leya yake, sindano leya yake. Ukikosea antena huharibu spika. Tundu moja tu la spika lilinilia asubuhi nzima. Nilianza na duara jeusi, halafu kivuli ndani kwa juu, halafu chini yake mstari mweupe mwembamba sana, ule ukingo unaoshika mwanga. Bila huo mstari ni doa tu, ukiuweka linakuwa shimo na kidole kinataka kuingia. Nilipopata moja nikalinakili mpaka yakafika mia tatu na nane. Matatu nikayaziba.

Nimekuprintia, iko ndani ya bahasha. Chukua kalamu nyekundu uikosoe kama ulivyokuwa unakosoa madaftari yangu ya hesabu.

Krismasi utapanda? Nitapika wali na kuku mmoja wa Mama Adela, kama kodi ya pango. Nitakusubiri tarehe ishirini na nne pale gari la Evaristi linaposimama.

Emerensiana


Mtowisa
9 Januari 2024

Mwanangu, marahaba.

Evaristi aliniambia ulisimama pale mpaka abiria wote wakashuka. Unisamehe. Mpunga ulikuwa unanidai, na mimi sikuwa tayari kukaa mezani na watu. Niliadhimisha hapa kwa ugali na perege. Mwaka mpya uwe mwema kwako.

Picha nimeitazama siku nyingi kabla ya kuigusa na kalamu. Nilipoifungua mara ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe kuishika. Bertilla wako akisema haijafaa, mlete huku nimwoneshe ya kweli azifananishe.

Sasa makosa. Umepiga mwanga kutoka pande mbili. Kitufe kina weupe kushoto, kioo kina weupe kulia. Jua la nchi gani hilo? Meza yangu pale barazani ilipata mwanga upande mmoja tu, kushoto, asubuhi ukipita juu ya ukuta wa Mama Adela. Chagua mwanga wako ukae nao. Pili, kivuli cha redio umekiweka cheusi sawasawa kote. Kivuli ni kizito pale kitu kinapogusa meza, kikienda mbali kinalegea. Tatu, umeifanya safi mno. Weka vumbi kwenye kona za kioo, pale kitambaa hakifiki.

Na kitufe cha sauti umekiweka katikati. Kizungushe mpaka mwisho kabisa. Ndipo kinapokaa siku zote.

Baba yako,
Teodori


Kizwite
4 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Hali yangu njema, mahindi yananifika kifuani. Wanajumuiya walisali kwetu Alhamisi, nikawapikia chai. Nimesahihisha yote. Mwanga umebaki mmoja, wa kushoto, na nilipoupanga hivyo nilijikuta naiona baraza yetu yote, wewe na kile kiti chako kilichokatika mguu. Nilitoka nje ya duka nikalia kidogo, nikarudi nikamwambia Dada Bertilla ni wino wa mashine.

Sasa nina swali, na naomba usiliruke kama ulivyoruka mengine.

Nilipokuwa naizungusha alama ya kitufe cha sauti mpaka mwisho nilisimama. Tangu lini? Nikiwa mtoto ulikuwa unanigombeza nikiipita namba nne, unasema spika ni kama koo, ukiilazimisha inapasuka. Nikamuuliza Evaristi anakukutaje akileta barua. Hakutaka kusema, nikambana. Akasema Januari alikukuta nje ya nyumba jioni, umekaa mbele ya redio, imefunguliwa mpaka mwisho na inakoroma tu, sindano iko pasipo na stesheni yoyote, na kelele yake inafika barabarani. Wewe umetulia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Akakusalimu akiwa nyuma yako, akakusalimu tena, hukugeuka mpaka alipokugusa bega. Akasema, "Dada, mzee hakuwa na hasira na mimi. Hakujua kama nipo."

Baba, unasikia? Nakuuliza kwa maandishi kwa sababu naanza kuelewa kwa nini simu inaita mpaka inakatika.

Emerensiana


Kizwite
17 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Nimeambiwa barabara ya kuteremka imekatika na magari hayashuki, kwa hiyo sijui kama barua yangu ya Februari unayo au iko kwenye dashibodi ya Evaristi. Naandika hivyo hivyo. Mvua hapa haikatiki, nguo hazikauki, najifunga sweta la mama.

Nilimpelekea Dada Bertilla redio. Aliikuza kwenye kioo mpaka tundu moja likawa kubwa kama sahani, akatafuta kosa, akakosa. Akasema tu, "Jumatatu kaa kwenye kompyuta ya dirishani." Nimekaa. Kazi ya kwanza niliyopewa ni ratiba ya mazishi ya mtu nisiyemfahamu, nikaipangia maua pembeni. Jioni nilirudi nyumbani na habari njema nikakuta hakuna wa kumwambia. Nikawaambia kuku, wakaendelea kula.

Nijibu, baba. Hata mstari mmoja.

Emerensiana


Mtowisa
21 Aprili 2024

Mwanangu Emerensiana, marahaba.

Barua zako mbili zimefika siku moja, barabara ilipofunguliwa. Mpunga umechanua. Homa ilinishika wiki moja, sasa sijambo. Hongera sana kwa kompyuta ya dirishani. Niliitangaza habari hiyo kwa fundi cherehani, akanishika mkono akautikisa.

Sisikii, mwanangu. Sikio la kushoto lilikwenda miaka mitatu kabla mama yako hajafariki, la kulia likaanza kulifuata. Lilikuwa bado linanipa kidogo mtu akisimama karibu na kupaza sauti. Sasa nalo limefunga. Fundi redio asiyesikia! Ningemwambia nani? Nilikuwa naweka kidole kwenye spika, nikiona inatetemeka najua imepona. Kama imepona vizuri au inakwaruza, mama yako ndiye alikuwa anajua. Nilimtazama kule jikoni, akiitikia kwa kichwa namrudishia mteja redio yake, asipoitikia naifungua tena. Mama yako Kalista alijua, peke yake. Alinitunzia hiyo siri kwenu wote.

Redio naifungulia mpaka mwisho kwa sababu nikiiwekea kiganja inatetemeka. Nafanya hivyo jioni nikitoka shamba. Evaristi asinihurumie.

Siku ya matanga ulipaza sauti, kwa hiyo nilikusikia. Ningesema masikio yangu mabovu, wajomba zako wangesema najitetea kwa ugonjwa nilioubuni siku hiyo hiyo. Na hata wangeamini ingesaidia nini? Mke wangu aliita na mimi sikwenda. Nilikuwa hatua ishirini, nimempa mgongo, nachomea waya. Kwa nini sikwenda ni jambo langu mimi, yeye halikumfaa kitu. Ndiyo maana niliondoka. Sikuondoka kwa hasira na wewe, hata siku moja.

Lakini kuna kitu nimekibeba peke yangu na kimenichosha. Wewe ulimsikia. Niandikie aliitaje. Alisema Baba Emerensiana, kama kawaida yake, au alitumia jina langu? Alikuwa anaogopa? Mimi niliyeishi naye miaka ishirini na sita sikusikia neno lake la mwisho, na nyumba nzima ile mtu wa kumuuliza ni wewe tu.

Baba yako,
Teodori


Kizwite
5 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Sina habari za nyumbani leo. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana.

Nilikuwa chumbani, mlango uko wazi upande wa uani. Nilikuwa nimevaa vile vispika vya masikioni, natazama kwenye simu somo la kuchora kwa kompyuta. Mwalimu alikuwa anaeleza namna ya kuweka mng'ao kwenye kioo. Mama aliita. Nilitoa kispika kimoja nikasikia, "Baba Emerensiana!" Sauti ya kawaida, kama anayetaka aletewe maji. Nikasema moyoni baba yuko barazani, atakwenda. Nikakirudisha.

Akaita tena, "Baba Emerensiana!" Hiyo nayo niliisikia kwa sababu ilikuwa kubwa zaidi. Niliudhika. Niliudhika na wewe kwamba huendi, na somo lilikuwa limebaki dakika chache.

Mara ya tatu hakukuita wewe, baba. Aliita jina langu. Aliita Emerensiana, lote, polepole, na ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa. Sijui kwa nini sikuinuka pale pale. Nilisema nakuja, nikasubiri yule mwalimu amalize. Nilipotoka alikuwa amelala kando ya mafiga na chungu kimepinduka, na wewe bado umenipa mgongo kule barazani.

Wajomba waliniuliza ilikuwaje, nikasema alikuita mara tatu. Nilikupa na ile iliyokuwa yangu. Nilipokunyooshea kidole siku ya matanga nilikuwa naogopa mtu asije akaniuliza mimi nilikuwa wapi. Ulipoondoka bila kusema neno nilishukuru, Mungu anisamehe, na baadaye nikabaki kwenye nyumba hii nikiisikia sauti ile kila ninapokaa kimya. Kuchora redio yako kulikuwa kisingizio. Nilitaka kukwambia tangu barua ya kwanza, nikawa nakuuliza matundu.

Barua yako imenieleza na lile nililokuwa silielewi. Mama alikuita kwa mazoea, mara mbili. Halafu akakumbuka kwamba huwezi kumsikia. Ndipo akamwita mwenye masikio.

Ukitaka nisikuandikie tena nitajua kwa kutojibiwa.

Emerensiana


Mtowisa
9 Juni 2024

Mwanangu Emerensiana, marahaba.

Nimechelewa kwa sababu ya mavuno. Sitakudanganya, barua yako imeniuma. Siku mbili sikwenda shamba. Nilimwambia fundi cherehani naumwa tumbo.

Kwamba ulisikia nilijua. Nilijua siku ile ile ya matanga, uliposema mara tatu. Mtu hawezi kuhesabu asichokisikia. Nikasema huyu ni mtoto, ana miaka ishirini na moja, ana maisha marefu ya kukaa na watu hawa, na mimi tayari nimeshaonekana mbaya. Basi libaki kwangu. Nilidhani nikikaa kimya litakuishia. Sikujua unaishi nalo mle ndani peke yako, na mimi huku naishi na la kwangu. Hapo nilikosea, na mimi nakuomba msamaha.

Lile la tatu sikulijua. Nimelilia. Halafu nimefurahi kidogo, sijui kama utanielewa, kwamba hakufa akidhani namsikia na nimekataa kwenda. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, na umeniondolea wewe.

Gari la Evaristi linashuka Ijumaa. Mwambie Bertilla unahitaji siku tatu. Njoo na sweta, tutapanda wote Jumatatu, na kule juu sasa ni baridi. Nyumba yangu ni ya mwisho baada ya mashine ya kukoboa, mlango wa bati. Usipige hodi, mwanangu, sitasikia. Ingia tu.

Baba yako,
Teodori